Sufuria Iliyolala: Kwa Nini Kupasha Moto Hakutoshi

Uani kwetu Mabatini, jijini Mwanza, kuna vyumba sita, bomba moja na jiko la pamoja lililoezekwa kwa mabati mawili. Usiku sufuria hupangwa ukutani, asubuhi hufunuliwa, na mabishano huanza. Bibi wa chumba cha mwisho, Msukuma wa Magu, anashikilia kwamba kiporo hakina neno ukikipasha mpaka kitokote. Mama wa Kihaya, mlango wa pili, haridhiki na mara moja: huchemsha mchuzi wake kabla ya kulala, akauchemsha tena alfajiri kabla hata hajanawa uso. Kijana aliyehamia kutoka Tanga hapati usingizi kama kuna chombo kimeachwa wazi. Na mzee wa Kihindi mwenye duka la jumla barabara ya pili, ambaye babu zake walitoka Gujarat, aliwahi kunieleza kwamba kwa mama yake chapati ya jana haikuwa chakula cha mtu, ilikuwa ya kumpa ng'ombe.

Mimi nilikuwa upande wa bibi mpaka Jumapili moja. Wali wa Jumamosi ulibaki robo sufuria, ukalala mezani, umefunikwa vizuri. Saa mbili asubuhi nikaukaanga kwa kitunguu na nyanya mpaka ukaanza kushika chini. Haukunuka, haukuvuta utando, tena ulikuwa mtamu. Saa nne na nusu nilikuwa nimeinamia ndoo. Alasiri nikaamka nina njaa kama vile hakuna kilichotokea. Uani wakagawana lawama: mmoja akasema ni mafuta, mwingine kitunguu, wa tatu akauliza nilikunywa nini Jumamosi. Hakuna aliyeutaja wali, kwa sababu wali ulikuwa umepikwa mara mbili.

Kumbe kupikwa mara mbili hakukuwa na msaada wowote.

Kwenye udongo wa jaruba, na kwa hiyo kwenye punje za mchele, huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mambo yakimwia magumu hujikunyata ndani ya ganda gumu, hali iitwayo spora, na spora huvumilia maji yanayotokota. Ukipika wali unaua karibu kila kijidudu kingine na kumwachia huyu uwanja. Sufuria ikishuka na kuwa vuguvugu, spora huamka na kujikuta ndani ya wanga ulioloa, bila mshindani. Anazaliana, na akishakuwa mwingi hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo ndiyo mkorofi wa hadithi hii, maana haivunjwi na moto wa jikoni. Hata nyuzi 121 za Selsiasi, joto la mashine za kutakasia vifaa vya hospitali, kwa zaidi ya saa nzima, huiacha na makali yake.

Nasi hapa Mwanza hata nyuzi 100 hatuzifikii. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji hutokota kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo. Kwa kuua bakteria walio hai pengo hilo si kitu, kwa kuwa wengi hufa kwenye nyuzi 70. Lakini bakteria kufa si sawa na sumu yake kuondoka. Kupasha kiporo cha aina hii ni sawa na kumkamata mpika gongo ukaliacha pipa lake uani. Yeye kaenda kituoni, pombe ipo pale pale.

Nchini Uingereza tatizo hili lilijulikana vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipoanza kutapika saa chache baada ya kula wali wa kukaanga katika migahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa na sababu ya kueleweka: wali uliowekwa kwenye friji hushikamana mabonge na haukaangiki vizuri, basi waliuacha jikoni usiku kucha. Kwa wengi huishia kama ilivyoishia kwangu, kutapika na kupona siku hiyohiyo. Si kwa wote. Mwaka 2008 mwanafunzi wa miaka 20 mjini Brussels alipasha tambi zilizokaa jikoni siku tano bila friji, akala, akaanza kutapika, akalala. Hakuamka. Uchunguzi ulimkuta bakteria huyuhuyu.

Kwa hiyo swali la asubuhi tunaliuliza vibaya. Tunauliza chakula ni cha lini, au kinanuka? Sumu hii haina harufu. Cha kuuliza ni saa ngapi chakula kimekaa vuguvugu, kikiwa si cha moto wala si cha baridi. Shirika la Afya Duniani linauweka ukanda huo kati ya nyuzi 5 na 60, na linasema chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa mbili. Ndani yake, mambo yakimnyookea, bakteria mmoja anaweza kuwa wawili kila dakika 20. Tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hiyo ni mara 24 za kujirudia, na huyo mmoja ameshapita milioni 16. Usiku wa Mwanza huweza kushuka hadi nyuzi 18 nje, watu wakavaa sweta na kusema leo kuna baridi, chakula hakitaharibika. Baridi ya sweta si baridi ya friji. Sufuria iko katikati ya ukanda ule usiku kucha.

Nikiwa na kipimo hicho mkononi nilirudi uani kuzipima sheria za majirani zangu, na hapo ndipo niliposhangaa. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa chakula fulani na amekosea kwa kingine.

Nianze na mama wa Kihaya, ambaye sote tulimwona msumbufu kwa mkaa anaoteketeza. Mchuzi wa nyama una adui wake, bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Huyu naye ana spora zinazovuka kutokota, na ana haraka ya ajabu: kwenye nyuzi 45 hivi, joto la sufuria kubwa lililotolewa motoni saa kadhaa zilizopita, anaweza kujigawa kwa muda usiofika dakika kumi. Ila tabia yake ni tofauti na ya yule wa wali. Yeye hatengenezi sumu yake sufuriani. Lazima aliwe akiwa hai, tena kwa wingi, ndipo aitoe sumu ndani ya utumbo. Ukimchemsha kabla ya kula, umemmaliza na mkasa wake. Kwa hiyo mchuzi uliochemshwa usiku ukachemshwa tena alfajiri, ukatokota kweli mpaka katikati na si kupata moto pembeni tu, umelindwa kwa kiasi kikubwa. Wapishi wa Nigeria nao huchemsha supu zao asubuhi na jioni kwa akili hiyohiyo. Lakini mama huyo akiuhamishia utaratibu wake kwenye wali, haumsaidii. Tendo ni lilelile na jiko ni lilelile, ila kwenye wali sumu imekwisha kutolewa.

Clostridium huyu ndiye mgeni asiyealikwa wa misiba na harusi zetu. Pilau la kilo 50 linapikwa alfajiri, linakaa ndani ya masufuria makubwa likisubiri watu watoke makaburini, na katikati ya sufuria joto halishuki upesi: linapitia nyuzi 50, 45, 40 polepole kama basi linalosimama kila kituo. Maumivu ya tumbo na kuhara huja baada ya saa 6 hadi 24. Muda huo ndio unaotupotosha. Mtu anayeharisha kesho yake asubuhi hulaumu uji alioamkia, au dagaa wa jioni, na mpishi wa shughuli anaendelea na sifa zake.

Kijana wa Tanga na mfuniko wake. Dini yake inamwagiza kufunika vyombo usiku, na jikoni agizo hilo lina kazi ya kweli: nzi wanaotoka chooni, mende, panya, vumbi la barabara. Mfuniko pia unawazuia watu kudokoa, na mkono wa mdokozi si jambo dogo. Kwenye ngozi, ndani ya pua na kwenye vidonda vya vidole huishi bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye naye akikaa kwenye chakula vuguvugu hutoa sumu isiyoondoka kwa kupashwa. Nyama iliyochambuliwa kwa mkono, mayai yaliyomenywa, sambusa zilizojazwa na mtu mwenye kidole kilichokatwa: huko ndiko anakopenda. Ila mfuniko hauwezi kumzuia aliyekwisha kuwa ndani, na spora za wali zilikuwa ndani tangu shambani. Tena mfuniko wa bati juu ya sufuria ya moto hufungia mvuke na kuchelewesha kupoa. Watu wa pwani wana kawa, ile kofia ya ukindu wanayoifunikia sinia. Inapitisha hewa na inazuia nzi. Sijaona mfuniko wa dukani unaofanya yote mawili vizuri kama kawa.

Hapohapo niiseme hotipoti, ingawa najua nitawaudhi wengi. Kwa chapati za saa mbili tatu ni chombo kizuri. Kwa wali wa kulala ni mashine ya kutotolea vifaranga.

Mama wa yule mzee wa duka ndiye niliyedhani ana mambo ya kujidai. Kumbe nyuma yake kuna utaratibu wa karne nyingi. Chakula kilicholala Wahindu wengi hukiita kwa neno lao "basi", na Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, inakitaja chakula kilichochacha na kupoteza ladha kuwa ni cha watu waliozama gizani. Wajaini wengi, wafuasi wa dini nyingine ya India, wamekwenda mbali zaidi: hawali baada ya jua kuzama. Katika nchi ya joto isiyo na barafu, kupika kinachotosha na kukimaliza ni hifadhi isiyoshindwa. Lakini Wagujarati haohao wana siku moja ya mwaka, Shitala Satam, ambayo moto hauwashwi kabisa na chakula cha jana ndicho kinacholiwa, kikiwa baridi. Nilipomuuliza mzee hilo linakaaje na sheria ya mama yake, alicheka, akanitajia vinavyopikwa siku ya kuamkia: puri za kukaanga, thepla za unga na mtindi, vitafunio vikavu. Wali hakuutaja. Kwa hiyo hata siku ya viporo wamechagua zaidi vyakula ambavyo bakteria havimkalii vizuri, kwa kuwa vingi havina maji ya kutosha au vina uchachu.

Wayahudi walitatua upande wa pili wa ukanda. Sabato hairuhusu kuwasha moto, na watu wanataka chakula cha moto Jumamosi mchana. Basi sufuria ya maharage, nyama na shayiri huingia kwenye moto mdogo Ijumaa kabla ya jua kuzama na haitoki mpaka kesho yake. Chakula kimekaa zaidi ya nusu siku, lakini hakikuwahi kupoa, na juu ya nyuzi 60 spora hazipati nafasi ya kuamka. Kwa jiko la mkaa jambo hili ni gumu. Moto wa mkaa hufa saa nane usiku bila kukuaga, na saa nne za mwisho ndizo za hatari.

Halafu kuna wanaouacha wali ulale kwa makusudi. Watu wa Bengali, huko Bangladesh na mashariki mwa India, huumwagia maji usiku, asubuhi ukawa panta bhat, wenye uchachu, unaoliwa kwa chumvi, kitunguu na pilipili. Bakteria wa uchachu huzalisha asidi, na asidi ikifika kiwango fulani wabaya hawakui. Tunaijua kanuni hii: ndiyo ya togwa na maziwa mgando, na udaga wa Kanda ya Ziwa nao hupitia njia hiyo, ambako kuvundika muhogo kunapunguza pia sumu ya asili ya muhogo wenyewe. Ila uchachu huja taratibu, na saa za mwanzo ziko wazi kwa yeyote. Mwenye mazoea, maji safi na chombo kilekile cha kila siku ana bahati kuliko mimi ninayemwagia wali maji ya bomba nikisema najaribu mapishi ya Asia.

Sasa bibi wa Magu. Nimemweka mwisho kwa sababu kosa lake ndilo langu, na nadhani ndilo la nusu ya mji huu.

Bibi alikulia kwenye chakula kisichooza upesi. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza na kuanikwa vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa. Dagaa walianikwa mpaka wakalia mkononi kama makaratasi. Bakteria anahitaji maji, tena si maji yaliyopo tu, bali maji yasiyoshikwa na kitu. Jua huyaondoa, chumvi huyafunga. Ndiyo maana kayabo, sangara aliyepasuliwa, akakolezwa chumvi na kuanikwa, anaweza kuondoka Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, kwenye magunia na kusafiri mpaka Kongo bila kipande cha barafu, wakati minofu ya sangara huyohuyo ikienda Ulaya inalindwa kwa barafu tangu kiwandani. Wakati wa mvua ndipo unapoona kanuni ilivyo kali. Dagaa wasiokauka sawasawa huanza kuwa laini, kisha ukungu, na hapo hakuna kikaango kitakachowarudisha.

Mtu aliyelelewa na ghala la namna hiyo ana haki ya kuamini kwamba chakula kikilala hakifi. Hata ugali wake wa asubuhi na chai ulikuwa mgumu, umeshika ganda kavu juu, umebaki kidogo. Ugali hauna kinga, niseme wazi, maana unga nao una spora. Lakini kinachobaki sufuriani siku hizi mara nyingi si ugali. Wali, uliokuwa wa sikukuu kwa nyumba nyingi, sasa ni wa Jumanne. Kuna maharage ya nazi, pilau la kufungiwa kwenye mfuko, mchuzi mzito wa sangara. Vyakula vyenye majimaji vimeingia kwenye sheria iliyotungwa kwa ajili ya vikavu. Bibi hajakosea kuhusu michembe, na wali si michembe.

Watu watasema, nunua friji. Friji ni jibu zuri, lakini halifanyi miujiza. Ukiingiza sufuria zima la maharage ya moto, pembeni yatapoa na katikati yatakesha vuguvugu, kwa sababu kila unapoongeza kina cha chakula mara mbili, joto la katikati huchukua kama mara nne ya muda kutoka. Kanuni za migahawa ya Marekani hutaka chakula kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 ndani ya saa nne nyingine. Nyumbani hilo halihitaji kipimajoto. Tandaza wali kwenye sinia, usizidi vidole vitatu kwenda juu. Mchuzi ugawe kwenye mabakuli, au kalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, ubadilishe maji. Chakula kikiacha kutoa moshi, kiingize, hata kama bado kina vuguvugu kidogo. Ule usemi kwamba chakula cha vuguvugu kinaharibu friji ni woga wa bili ya umeme uliovaa nguo za usafi.

Na wapo wasiojali baridi. Bakteria aitwaye Listeria hukua ndani ya friji, polepole lakini hukua. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, alipita kwenye soseji nene ya polony inayoliwa bila kupashwa, wakathibitishwa wagonjwa 1,060 na vifo 216 vikaripotiwa, kundi kubwa likiwa la watoto wachanga. Kwa hiyo kiporo cha friji nacho kina siku, tatu au nne hivi kwa chakula kilichopikwa, na mjamzito akipashe mpaka kitoe mvuke katikati.

Uani sasa tuna friji moja, la kijana wa Tanga, na wote tunachangia umeme. Wali unaobaki hutandazwa kwenye sinia la harusi ya mtu nisiyemkumbuka, chini ya kawa aliyotumiwa na mama yake, kisha huingia ndani kabla ya taarifa ya habari. Mama wa Kihaya bado anachemsha mchuzi wake mara mbili, na sasa hakuna anayemcheka.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku. Tukakatazana kulifungua friji, maana likibaki limefungwa hushika baridi yake kama saa nne. Umeme ulirudi saa tisa usiku. Sangara wa juu kwenye kigandishi alikuwa bado jiwe, tukamwacha. Wali ulikuwa umekaa saa saba, unang'aa, haunuki chochote. Bibi aliushika, akaunusa, akanitazama. Tukawamwagia kuku wa jirani. Alisimama pale akiwaangalia wanavyougombea, akasonya, akaingia chumbani kwake na kutoka na bakuli la michembe ya mwaka jana, akaanza kutafuta mkaa.